Kibuyu Kilichonena Juu ya Mto

Paukwa.

Pakawa.

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wakubwa msogee, msijifanye mmekuja kuchukua watoto tu. Ngojeni nimgeuze huyu anyonye upande wa pili, halafu tuanze, maana hadithi hii ikianza kukimbia haisimami njiani.

Hapo zamani, zamani ile ya kale ambayo wanyama walisema na mtu hakushangaa, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na mto. Mto gani? Mto wa mchanga. Mnaujua. Miezi yote ya ukame hauna maji, una mchanga tu, mweupe, laini, umelala katikati ya kingo mbili kama barabara. Maji yako chini. Ukitaka kunywa, unachimba.

Kwenye bonde hilo aliishi Digidigi. Digidigi ni swala mdogo kuliko swala wote wa bonde, miguu yake myembamba kama penseli, macho makubwa, na moyo wake haupumziki. Alikuwa mama, mama kijana. Mtoto wake wa kwanza alimficha kichakani, akaenda kula majani, hatua kumi tu, hazikufika kumi na moja. Akasikia juu, fyuuu. Akarudi mbio. Kichaka kipo. Mtoto hayupo. Ni tai.

Sasa alikuwa amezaa wa pili. Akamwita Kidigi. Na tangu Kidigi azaliwe, Digidigi hakulala. Akimficha hapa, anaona pako wazi. Akimhamishia pale, anaona pana nyoka. Akilala kidogo anaamka kumnusa kama anapumua. Mnacheka? Chekeni. Na mimi huyu akilala sana naweka kiganja puani mwake. Mtafika tu.

Wala hakuwa peke yake. Mama Ngiri alipoteza wawili, fisi. Mama Kanga alipoteza wengi. Basi siku moja wakakutana katikati ya mchanga, wanyama wote wa bonde.

Mama Ngiri akaanza. “Mimi nimechoka. Nachimba, nakula, namkimbia fisi, nachimba tena. Nikianza kufikiri watoto walale wapi, kichwa kinaniuma.”

“Afadhali wewe una kichwa cha kuuma,” akasema Mama Kanga. “Mimi nikiwaza jambo moja, nikigeuza shingo limeshatoka.”

Kunguru alikuwa ametua kwenye jiwe. Kunguru huyu hakukaa sana bondeni, aliishi kijijini, kwenye mapaa ya watu, na kwa hiyo alijiona msomi. Akajikohoza. “Jamani, hili ni jambo dogo. Nitawaundia kichwa.”

“Kichwa cha nani?”

“Cha wote. Kichwa kitupu. Hakina tumbo la kuona njaa, hakina miguu ya kuchoka. Kazi yake moja, kujua. Mnakiuliza, kinawajibu.”

Wanyama wakanong’ona, mmm, mmm, wakaona ni neno zuri.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka ukingoni. Alikuwa Bibi Buibui, ananing’inia kwenye wavu wake kati ya mashina mawili ya matete. “Na miguu?” akauliza.

“Miguu ya nini, bibi?” akasema Kunguru. “Kufikiri si kutembea.”

“Mimi ningeanza na miguu. Kichwa kingekuja chenyewe baadaye, kikihitajika.”

Wakacheka. Mama Ngiri alicheka mpaka akapiga magoti, ingawa Ngiri hupiga magoti hata akila.

Bibi Buibui hakukasirika. “Mama Ngiri, inzi akiugusa wavu wangu kule mwisho, mimi huku ninajua. Aliyejua ni mimi au ni wavu?”

“Ni wewe.”

“Haya, nitoe kwenye wavu unitie kwenye jani la mgomba. Halafu niulize inzi yuko wapi.”

Mama Ngiri akafungua mdomo, akacheka tena.

Wakakubaliana. Kunguru aunde chake. Bibi Buibui naye, akitaka, aunde chake. Mwezi ukiandama mara mbili, walete.

Kunguru akaokota kibuyu kikavu, kikubwa, kiuno kimejikata vizuri. Akakipasua mdomo, akatoa mbegu zote. Akakikung’uta, po po po, kitupu. Kisha akaanza kukusanya maneno. Alfajiri yuko kwenye paa la jikoni. Mchana yuko kwenye ukuta wa kisimani. Jioni yuko kwenye dirisha la mzee anayesema peke yake. Neno likitoka ndani ya nyumba, analidaka kwa mdomo, anaruka nalo, anakisemea kibuyu, anakiziba kwa gunzi la hindi lisitoke. Anarudi kudaka jingine. Neno kwa neno, neno kwa neno, kibuyu kikajaa.

Lakini sikilizeni hapa. Kunguru alisikia tu. Nyumba za watu hakuingia, maana akiingia anatupiwa kiatu. Alidaka neno, hakukiona chenye neno.

Siku moja akatua juu ya nyumba ambamo mke wa mtu amejifungua. Akamsikia mama mkwe anasema, “Mtoto mchanga huyo, mlaze juu ya mto, shingo isimpinde.” Kunguru akalidaka. Na jingine, “Mto wenyewe laini huu.” Akalidaka. Na jingine, “Mto ukichafuka tutaufua.” Akalidaka. Na jingine tena, “Usiogope, mwanangu, mama akijifungua huwa na woga wa bure.” Yote ndani ya kibuyu, gunzi juu.

Ninyi mnajua ulikuwa mto gani. Ulikuwa mto wa kitandani, wenye pamba na foronya. Lakini bondeni nani ana foronya?

Na Bibi Buibui je? Alitafuta vijiti vinne vya mkole, vile vinavyopinda bila kuvunjika. Akavifunga kwa nyuzi zake, uzi huku, uzi kule, huu umekaza, huu umelegea. Katikati akafunga ganda kavu la mgunga, mbegu ziko ndani. Kichwa hakukitia. Akakiita Kijiti. Akakisimamisha mchangani, upepo ukakisukuma, kikaenda hatua mbili.

Chaka, chaka, kwaa, pu. Kikaanguka.

Bibi Buibui akashuka, akalegeza uzi mmoja, akakaza mwingine. Akakisimamisha.

Chaka, chaka, chaka, kwaa, pu.

Semeni nami. Chaka, chaka, kwaa, pu. Kesho yake kikaanguka mara nyingi zaidi, lakini sasa kikianguka kinajua kuanguka, kinajikunja, kinainuka chenyewe. Nyati wakapita, ardhi ikatetemeka, kikasimama tu kinashangaa, nyati mmoja akakikanyaga mguu, ta! Bibi Buibui akaunganisha. Nyati wakapita siku nyingine, kikavunjwa tena, akaunganisha tena. Mara ya tatu ardhi ilipotetemeka, nyati wako mbali bado, zile nyuzi zikasisimka, Kijiti kikageuka, kikapanda ukingo, chaka chaka chaka, kikasimama pagumu. Hakuna aliyekiambia. Neno “nyati” hakilijui mpaka leo. Mguu ndio uliojua.

Mwezi ukaandama mara mbili. Wakakutana.

Kunguru akakiweka Kibuyu juu ya kisiki kilichokuwa pembeni ya mchanga, akazibua gunzi. Kibuyu kikaimba.

*Niulize, niulize,*
*Mimi sijui kunyamaza,*
*Niulize, niulize,*
*Jibu liko mdomoni.*

“Tembo ana masikio mangapi?” akauliza Mama Ngiri.

“Mawili, mapana kama ungo.”

“Nyota zinakwenda wapi mchana?”

“Zipo palepale. Jua ndilo linalozificha.”

“Nikivimbiwa?”

“Kunywa maji ya tangawizi, punguza kula jioni.”

“Aaa,” akasema Mama Ngiri, “hiki kinanijua.”

Wakageuka kutazama cha Bibi Buibui. Kijiti kikaja mbele ya wanyama wote. Chaka, chaka, kwaa, pu.

“Shoga,” Mama Kanga akamnong’oneza Mama Ngiri, lakini Kanga kunong’ona hawezi, bonde zima lilisikia, “kile kimekunywa nini?”

“Kinasema nini?” Kunguru akauliza.

“Hakisemi,” akasema Bibi Buibui.

“Kinajua nini?”

“Kinajua hapa kinapokanyaga. Hapa tu, bado kidogo.”

Wakaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa mmoja, mtoto Kidigi. Alitoka chini ya tumbo la mama yake, akakinusa Kijiti, Kijiti kikaenda, naye akakifuata. Chaka, chaka, mtoto nyuma. Chaka, chaka, mtoto nyuma. Kijiti kikianguka, naye anajiangusha, pu.

Mama yake hakutazama. Alikuwa amesimama mbele ya Kibuyu, na swali lake alilibeba tangu siku ile ya tai.

“Kibuyu,” akasema, “mimi sina swali la nyota. Nina mtoto. Wa kwanza alichukuliwa. Huyu nimlaze wapi?”

Kibuyu hakikusita. Kingesitaje, hakina moyo wa kudunda. “Mtoto mchanga,” kikasema, “mlaze juu ya mto.”

Mtoto. Mchanga. Mto. Wanyama wakatazamana, kisha wakatazama pale waliposimama. Mchanga huu hapa. Mto huu hapa.

“Juu ya mto huu?” akauliza Digidigi.

“Juu ya mto. Mto ni laini. Shingo haitampinda.”

Bibi Buibui akaita kutoka kwenye matete. “Kiulizeni mto ni nini.”

“Mto ni nini?” akauliza Mama Kanga.

“Mto huwekwa chini ya kichwa. Mto ukichafuka, hufuliwa.”

Hapo wakasita kidogo. Mama Ngiri akakuna shavu. “Kufua. Watu si hufua mtoni?”

“Hufua,” wakaitikia wenzake.

“Basi kimepatia.”

Wakaridhika. Mnaona? Kibuyu kilikosea, wao wakakisaidia kukosea.

Digidigi akamlaza mtoto mtoni. Pale ukingo ulipomomonyoka chini ukabaki kama kibaraza, kivuli kizuri, mchanga wa uvuguvugu. Tai akipita juu, haoni kitu. Mama Ngiri akaleta wake. Mama Kanga akaleta wake, wanafuatana kama shanga. Siku tano zikapita, salama. Siku kumi, salama. Siku ishirini, hakuna mtoto aliyepotea. Digidigi akaanza kunenepa. Akaanza kulala. Akisikia kitu kinamgusa moyoni, anakwenda kwenye kisiki.

“Kibuyu, naogopa.”

“Usiogope. Mama akijifungua huwa na woga wa bure.”

“Wa bure?”

“Wa bure.”

Anarudi. Akaanza hata kuuonea haya woga wake. Akiamka umemkaba, anauambia, wewe wa bure, nenda. Na ule woga, maskini, ukawa haujui pa kukaa.

Kidigi yeye alikuwa na rafiki yake. Asubuhi Kijiti kikipita, chaka, chaka, anatoka kibarazani, anafuata. Kinapanda ukingo, naye anapanda. Kinashuka, naye anashuka. Mama yake alikuwa akimwambia, “Baba, acha kucheza na takataka,” lakini kwa upole, maana mtoto ananenepa.

Sasa ikaja siku yenyewe.

Jua la utosi. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la dawa. Watoto wote wamelala mchangani. Mama Kanga anaoga vumbi. Mama Ngiri amepiga magoti, anachimba. Kijiti kimesimama karibu na Kidigi, kimetulia.

Mara Kijiti kikasisimka.

Chaka.

Kikanyamaza. Chaka, chaka. Kikageuka kuelekea ukingo. Kikaanza kwenda. Chaka chaka chaka, kwaa, pu, kikainuka, kikaenda tena. Kilikuwa hakijawahi kwenda upesi namna ile.

“Kimelewa leo mapema,” akasema Mama Kanga.

Digidigi akainua kichwa. Akatazama huku, hakuna nyati. Akatazama kule, hakuna nyati. Akatazama juu, hakuna tai. Na moyo wake unaenda du du du du. Akakimbilia kisikini.

“Kibuyu, kuna nini?”

“Hakuna kitu. Jua linawaka.”

“Mvua je?”

“Mvua hutoka mawinguni. Mawingu hakuna. Mvua hakuna.”

“Moyo wangu unadunda.”

“Woga wa bure.”

Akasimama. Jamani, mimi nikifika hapa mwili unanisisimka. Alisimama katikati, huku kitu kinachojua maneno yote, kule vijiti vinne vinaanguka na kuinuka. Na kwa muda mrefu alikuwa hajajiuliza yeye mwenyewe. Akazitazama kwato zake. Akainua moja, akaikandamiza mchangani taratibu, kama unavyoweka kiganja kwenye kifua cha mtoto.

Mchanga ulikuwa unatetemeka.

Kidogo sana. Mrrrrr. Chini kwa chini. Wala si nyati, nyati wana mapigo. Hii haikuwa na mapigo, ilikuwa moja tu, ndefu, inakuja. Milimani mbali, ambako macho ya Kibuyu hayangefika hata kama kingekuwa nayo, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Na maji yalikuwa njiani.

Woga wake haukuwa wa bure. Woga wake ulikuwa kwenye kwato, ulikuwa unamwambia.

Digidigi akapiga kelele yake, ile ambayo ndiyo jina lake. Digi, digi, digi, digi!

Mama Ngiri hakuuliza. Akainua mkia wima, watoto nyuma yake, mbio, ukingoni. Mama Kanga akasema, “Kwani kuna,” hakumaliza, miguu yake nayo ikasikia, akaruka, watoto nyuma, wengine wanaruka, wengine wanapanda kwa kucha. Mchanga ukabaki mtupu.

Isipokuwa Kidigi.

Mnajua mtoto wa digidigi akisikia mama yake analia hatari anafanya nini? Hakimbii. Analala. Anajibanza chini, masikio nyuma, kimya kama jiwe. Ndivyo alivyozaliwa, ndivyo anavyomkwepa tai. Sasa mama anapiga kelele, mtoto anajibanza. Mama anapiga kelele zaidi, mtoto anajibanza zaidi. Mama akamkimbilia, akamsukuma kwa pua. Mtoto jiwe. “Inuka, baba.” Jiwe. “Inuka, nakuomba.” Jiwe. Angeweza kumbeba? Digidigi ana mikono? Na mlio sasa si wa kwato tu, sasa ni wa masikio, vuuuuuu, nyuma ya kona ya mto, na harufu ya tope.

Kibuyu kisikini kikaimba, *niulize, niulize.*

Digidigi akainamisha kichwa, akajilaza juu ya mwanawe. Alisema moyoni, basi, tutakwenda wote.

Ndipo ukingoni, pale katikati ya njia ya kupanda, Kijiti kikateleza. Kikabingirika chini, pu. Kikajikunja kama kilivyozoea kuanguka, kikainuka, kikaanza kupanda upya.

Chaka. Chaka. Chaka.

Sikio la Kidigi likasogea.

Chaka, chaka.

Kichwa kikainuka. Huyo rafiki yake anaondoka. Kidigi akatoka chini ya tumbo la mama yake, miguu ile ya penseli, akafuata. Kijiti kinapanda, naye anapanda. Chaka, chaka, mtoto nyuma. Chaka, chaka, mtoto nyuma, na mama nyuma ya mtoto, pua imeshika mkia wake, hathubutu hata kuhema asije akamshtua.

Kidigi akafika juu. Digidigi akafika juu. Na maji yakafika.

Hayakuja kama maji ya mtungi. Yalikuja kama ukuta, mekundu, yamebeba magogo, yamebeba mzoga wa punda, yanasaga mawe, gwara gwara gwara. Kibaraza cha mchanga, pale alipolala mtoto, kikamezwa. Kijiti kilikuwa kimeteleza tena, mtoto na mama wamekipita, kimebaki hatua moja chini, maji yakakivuta miguu miwili ya nyuma, ta, ta, ikaenda. Kikabaki na miwili, kimening’inia kwenye mzizi, na ganda lake bado linalia, chaka.

Na kisiki kikang’oka. Kibuyu kikaanguka majini, tubwi. Kikazama? Kibuyu hakizami. Kikaibuka, kikazunguka, kikachukuliwa katikati ya povu, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye kona, “Juu ya mto, juu ya mto, juu ya mto.” Na safari hii kilikuwa juu yake kweli.

Wanyama wakakaa ukingoni. Mama Kanga akawapitia watoto wake kwa mdomo, mmoja mmoja, kisha akarudia upya, hakuwa anaamini. Wote walikuwapo. Mama Ngiri alipiga magoti na hakuwa anakula. Digidigi alimlamba Kidigi toka pua mpaka mkia, akakivuta Kijiti kutoka kwenye mzizi, akakilamba nacho.

Siku ya tatu maji yakapungua. Wakakikuta Kibuyu kwenye matete ya kona ya chini, kimebonyea upande mmoja, nusu kimejaa tope. Kunguru alikuwa amekaa karibu nacho, mabawa chini.

Digidigi akasogea. Alikuwa amekuja na maneno makali, alikuwa ameyapanga njia nzima.

Lakini Kibuyu ndicho kilichoanza. Hakikuimba. Sauti ilikuwa ya chini, ya maji maji. “Mama,” kikasema, “hiki kilichonizungusha, kikanipiga kwenye mawe, hiki kinachonitetemesha mpaka sasa, kinaitwaje?”

Digidigi akakitazama. Yale maneno makali yakamkauka.

“Huo ndio mto,” akasema.

Kibuyu kikanyamaza.

“Nilikuwa nautaja tu,” kikasema.

Kunguru akainua kichwa. “Nami nililidaka tu. Juu ya paa. Sikuingia kuona.” Kisha akauliza, kwa unyenyekevu ambao haukumkaa vizuri, “Bibi Buibui, tukivunje?”

“Kivunjwe kwa nini, mtoto wa watu?” akasema Bibi Buibui. “Ndiyo kwanza kimejifunza neno moja.” Akashuka kwenye uzi wake, akakizunguka, akakipima. Akampeleka Kunguru kuleta vijiti viwili vya mkole. Akavifunga kwenye Kijiti mahali pa miguu iliyokwenda na maji. Halafu akakifunga Kibuyu chini ya tumbo la Kijiti, karibu na ardhi, si juu. Uzi huku, uzi kule.

“Mbona chini hivyo?” akauliza Mama Ngiri.

“Ili Kijiti kikianguka, na Kibuyu kianguke nacho.”

Wakakisimamisha. Chaka, chaka, kwaa, pu. “Aa,” kikasema Kibuyu, “jiwe.” Kikainuka. Chaka, chaka, kwaa, pu. “Aa, mwiba.” Siku ile kilianguka mara saba na kikajifunza maneno saba, na Mama Kanga akacheka kila mara, lakini safari hii alikuwa anatembea pembeni yake.

Mwaka uliofuata Digidigi akazaa tena. Mto umekauka, mchanga mweupe, laini, unaita. Akamwendea yule mwenye miguu minne na tumbo la kibuyu.

“Mtoto wangu nimlaze wapi?”

Kikafungua mdomo, neno likafika palepale mlangoni. Kikalirudisha.

“Sijui bado,” kikasema. “Ngoja nikapakanyage.”

“Haya,” akasema Digidigi, “twende wote, nami nina kwato.”

Wakaenda, chaka, chaka, mama pembeni, Kidigi nyuma, amekuwa mkubwa, bado anafuata.

Funzo lake hili, msilitafute mbali. Kitu kikijua maneno yote ya dunia na hakijawahi kulowa, kisikuamulie pa kumlaza mtoto. Kikitaka kutusaidia kufikiri, kwanza kikae hapa tulipo, kikanyage tunapokanyaga, kianguke, kiumie, kijue. Na wewe mama, mwili wako ukikwambia kitu, usiuambie ni bure. Weka mguu chini usikilize.

Mimi hadithi yangu nimeishusha hapo, ukingoni, pagumu. Anayeitaka aichukue, na amwangalie huyo aliyelala karibu yake kama anapumua.